Kujiandaa kwa usaili wa ualimu wa chekechea Lubumbashi: mwongozo kamili

Kuanzia mwezi wa saba, shule zinapofunga, hadi mwanzo wa mwezi wa tisa zinapofungua tena, barua za kuomba kazi hurundikana mezani kwa wakuu wa shule hapa Lubumbashi. Shule binafsi zimeenea kila upande, kuanzia Golf na Bel-Air mpaka komini za Katuba, Kenya na Ruashi, na nyingi zina madarasa ya watoto wadogo, yale ambayo wazee wetu bado wanayaita gardienne. Waombaji nao ni wengi. Diploma zinafanana, barua zinafanana, nyingine hata zimenakiliwa neno kwa neno. Kinachowatenganisha watu ni usaili.

Nimekaa upande wa wanaouliza maswali kwa miaka kadhaa, na ninachokiona kila mara ni hiki: wanaokosa nafasi mara nyingi pedagojia wanaijua vizuri sana, ila wamekuja kuisimulia bila kuwa na mtoto yeyote kichwani. Jopo la chekechea linatafuta mtu ambaye mzazi atamkabidhi mtoto wa miaka mitatu asubuhi kisha aende zake kazini roho ikiwa imetulia. Hilo halithibitishwi kwa ufasaha. Linaonekana unavyochuchumaa, unavyoshika kikopo, unavyomjibu mtoto aliyekukatiza katikati ya somo. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inakuandaa kuonyesha kazi yako.

Hatua ya kwanza: ijue shule unayoiomba

Kabla ya yote, jua shule ni ya nani. Nchini Kongo kuna shule za serikali zinazoendeshwa na serikali yenyewe, kuna zile za serikali zinazosimamiwa na madhehebu ya dini (Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, Waislamu na wengine), na kuna shule binafsi zenye promota wake, yaani mwenye shule. Tofauti hii ndiyo inayoamua nani atakaa mbele yako. Kwenye shule ya masista utaulizwa kuhusu mwenendo wako na jinsi unavyoishi na watu. Kwenye shule binafsi, promota anawaza wazazi wanaolipa minervali (ada ya shule), na maswali yake mengi yatahusu namna unavyoongea na wazazi hao.

Ana sababu ya kuwaza hivyo. Katiba ya mwaka 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure, na mwezi wa tisa 2019 ndipo ubure huo ulipoanza kutekelezwa. Ahadi ile ni ya shule ya msingi. Chekechea binafsi inaishi kwa fedha ya wazazi, na mzazi mmoja akiondoka na malalamiko, wengine watatu wa mtaa wake wanasikia.

Ukishajua hayo, nenda shuleni mapema, siku kadhaa kabla ya usaili. Mwezi wa nane ofisi huwa wazi kwa ajili ya maandikisho, kwa hiyo hutaonekana wa ajabu ukifika kuulizia. Angalia uwanja. Angalia viti vina urefu gani, choo cha watoto kiko umbali gani na darasa, maji ya kunawa yanatoka wapi, ukutani kumebandikwa nini na kimebandikwa kwenye kimo cha nani. Uliza kwa adabu darasa moja lina watoto wangapi. Hayo yote ni akiba ya siku ya usaili. Mtu anayesema, "Niliona nyuma ya darasa mna mchanga chini ya mwembe, pale ningewapeleka wa mwaka wa kwanza wachore kwa vidole," amekwisha kuwatangulia wote waliosema wanapenda watoto.

Hatua ya pili: karatasi

Hapa hakuna mengi. Barua ya maombi, na shule nyingi bado zinaitaka iliyoandikwa kwa mkono, kwa sababu mwandiko wako ndio watoto watakaouiga. Maelezo yako binafsi kwenye kurasa zisizozidi mbili. Nakala ya diploma ya Serikali (ya kumaliza sekondari), hasa ukiwa umesoma tawi la ualimu, au ya ISP (chuo cha juu cha ualimu) kama uliendelea. Kadi ya mpiga kura kwa kitambulisho, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya, na barua za shule ulizofanyia kazi. Beba na hati halisi, usiziache nyumbani ukitegemea nakala.

Ongeza kitu kimoja ambacho hawakukuomba: fishi mbili za maandalizi (karatasi za mpango wa somo) ulizoziandika mwenyewe, safi, moja ya watoto wa miaka mitatu na nyingine ya miaka mitano. Kama hujawahi kufundisha kwa mshahara, hizo fishi ndizo zitakazoonyesha uzoefu wako. Na kama umewahi kufundisha watoto wa Jumapili kanisani, au kushinda na watoto wa yaya yako (kaka au dada yako mkubwa) mwaka mzima, kiandike hicho bila aibu. Ni uzoefu wa kweli, na utaulizwa juu yake.

Hatua ya tatu: mjue mtoto kabla ya kumjua mwanafalsafa

Chekechea yetu ni miaka mitatu, kwa watoto wa miaka 3, 4 na 5. Swali ambalo jopo hupenda kuliuliza, na ambalo huwaangusha wengi, ni hili: "Mtoto wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa tatu wanatofautiana nini?" Jibu la "wa tatu anajua zaidi" halitoshi.

Wa miaka mitatu anacheza kando ya mwenzake zaidi ya kucheza naye. Kugawana ni kazi ngumu kwake, kwa hiyo ukileta mpira mmoja kwa watoto kumi umeleta vita. Anakaa kimya kwa dakika chache tu, halafu mwili unadai kusogea. Bado anaweza kujikojolea, hasa akiwa amezama katika mchezo. Wa miaka minne ni mtu wa maswali na wa hadithi. Anachanganya kilichotokea na alichokiota, na hapo hasemi uongo. Wa miaka mitano anaweza kufuata kanuni za mchezo, anakumbuka maagizo mawili au matatu mfululizo, na anajua vizuri sana nani amependelewa.

Kuhusu wanafalsafa, wachache wanatosha, mradi kwa kila mmoja uwe na jambo moja unalolifanya darasani. Fröbel alifungua nyumba yake ya watoto huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na akaweka mchezo katikati ya mafunzo. Maria Montessori alianza tarehe 6 mwezi wa kwanza 1907 katika mtaa maskini wa Roma, na kutoka kwake tunachukua viti vya kimo cha mtoto na vifaa anavyoweza kuvishika na kuvirudisha mwenyewe. Ovide Decroly, daktari wa Ubelgiji, alisisitiza kwamba masomo yazunguke kitu kimoja kinachomgusa mtoto, na mtindo wetu wa kuwa na mada ya wiki (maji, soko, nyumba) una damu yake.

Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza namna watoto wanavyofikiri, jaribu kumwelewa kwa mikono yako. Chukua mtoto wa jirani wa miaka minne. Mwekee vikopo viwili vinavyolingana, vyenye maji sawasawa, mpaka akubali mwenyewe kwamba ni sawa. Kisha, akiwa anatazama, mimina kikopo kimoja ndani ya chupa nyembamba na ndefu. Muulize wapi kuna maji mengi. Karibu hakika atakuonyesha chupa, kwa sababu maji yamepanda juu. Mwulize kwa nini, na usimsahihishe, sikiliza tu. Ukiulizwa kwenye usaili kwa nini hupendi kukimbiza watoto kwenye hesabu za maandishi, simulia jaribio hilo. Umeliona kwa macho yako, na sauti yako itabeba uhakika ambao kitabu hakiwezi kukupa.

Hatua ya nne: somo la majaribio

Hapa ndipo kazi hupatikana au hupotea. Shule nyingi zitakuomba uendeshe somo fupi, dakika 15 mpaka 25, mbele ya watoto waliokusanywa au mbele ya wanajopo wanaojifanya watoto. Unaweza kupewa mada siku moja kabla, au palepale. Andaa masomo matatu nyumbani ambayo unayajua bila karatasi: moja la kugusa na kulinganisha, moja la lugha, moja la mwendo wa mwili.

Nikueleze moja kwa undani, la "kikubwa na kidogo" kwa watoto wa mwaka wa kwanza.

Vifaa: makopo mawili ya maziwa ya unga, moja kubwa na moja dogo, yamefanana rangi. Hili la rangi lina uzito wake. Ukileta kopo kubwa jekundu na dogo la buluu, mtoto anaweza kudhani unamfundisha rangi. Kitu kimoja tu ndicho kitofautiane. Halafu uwe na kikapu chenye vitu vya jozi, vya kila mtoto kushika: kijiko kikubwa na kidogo, kiatu cha baba na cha mtoto, viazi viwili, vifuniko viwili vya plastiki. Makopo yawe yamepigwa kingo zisikate. Usilete maharagwe wala mbegu za mahindi kwa watoto wa miaka mitatu. Huishia puani na masikioni, na mwanajopo mzoefu akiyaona kwenye kikapu chako ataandika.

Kaa chini na watoto kwenye mkeka, kwa duara, uone nyuso zote. Anza na wimbo mfupi wanaoujua, na uimbe ukipunguza sauti pole pole mpaka kimya kije chenyewe. Usipige makofi ya kuamuru. Toa makopo mawili, uyaweke mbele yako, usiseme kitu kwa muda mfupi. Acha wayatazame.

Sasa fuata hatua tatu zilizoanzishwa na daktari Séguin wa Ufaransa na kuendelezwa na Montessori. Kwanza unataja: unashika kopo, "Hiki ni kikubwa." Unashika la pili, "Hiki ni kidogo." Unarudia, maneno hayohayo, bila kuongeza maelezo. Pili unaomba: "Furaha, nipe kikubwa. Sasa mpelekee Papy kidogo. Weka kikubwa nyuma yako." Hapa ndipo ukae muda mrefu, kwa sababu mtoto anafanya kazi kwa mikono na anaweza kufaulu hata kama ulimi wake bado mzito. Tatu tu ndipo unauliza: "Hiki ni cha namna gani?" Mtoto akikosea hatua ya tatu, usimwambie "hapana". Rudi hatua ya pili pamoja naye, kama vile ni mchezo unaoendelea.

Kisha kikapu. Kila mtoto achukue kitu kimoja, atafute mwenye jozi yake, waje waviweke: vikubwa kwenye mkeka huu, vidogo kwenye ule. Watakuwa wanatembea, wanacheka, wanagongana kidogo. Sawa kabisa. Malizia kwa miili yao: "Tuwe wakubwa!" wote wananyoosha mikono juu; "Tuwe wadogo!" wote wanajikunja. Wimbo wa kufunga, na vifaa warudishe wenyewe kikapuni.

Fishi yako iwe na vichwa vyake vya kawaida: tarehe, tawi (yaani somo), mada, lengo, vifaa, kisha mwendo wa somo kuanzia kuamsha hamu mpaka kutathmini. Lengo liandike kwa kitendo kinachoonekana. "Mtoto aelewe ukubwa" haliwezi kupimwa. "Mwishoni mwa somo mtoto ataweza kutenga vitu vikubwa na vidogo akiwa na vitu sita" linaweza, na mkaguzi akija darasani kwako mwaka mzima ndicho atakachokitafuta.

Jiandae kukatizwa, kwa sababu mara nyingine jopo linapanga hivyo. Mtoto anasimama katikati, anamtaja koko, yaani babu au bibi yake: "Mwalimu, koko wangu anaumwa." Usimwambie akae kimya. Mtazame: "Pole. Utanieleza tukimaliza, eeh? Njoo ukae hapa karibu yangu." Na ukimaliza, umrudie kweli. Mwalimu aliyeahidi akasahau, jopo linaona. Kama wanajopo ndio wanaojifanya watoto, wafundishe kama watoto, uchuchumae, uimbe. Wapo wanaoona haya mbele ya mkuu wa shule mwenye tai wakaanza kumhutubia. Hapo somo la chekechea limekwisha.

Fanya mazoezi ya somo lako kwa watoto halisi wa mtaani kwako walau mara mbili. Sauti yako itazoea, na utajua wapi wanachoka.

Hatua ya tano: maswali yanayokuja karibu kila mara

"Mtoto analia kila asubuhi, mama yake hawezi kuondoka." Usiseme kwamba atazoea. Eleza unachofanya: mama aage waziwazi, bila kutoroka kwa siri, kwa sababu mtoto aliyetorokwa leo kesho atamshikilia mama zaidi. Unampokea mkononi mwa mama, siyo kumvuta. Anaruhusiwa kubaki na kitambaa cha mama au kitu cha nyumbani. Unampa kazi ndogo, kugawa vikombe kwa mfano. Na mchana unampa mama habari halisi: "Alilia mpaka tulipotoka uwanjani, baadaye akala vizuri."

"Mtoto amemng'ata mwenzake." Wa kwanza kuhudumiwa ni aliyeng'atwa, unaosha kwa maji na sabuni. Aliyeng'ata unamwambia kwa ufupi, kwenye kimo chake: "Kung'ata kunaumiza. Ukikasirika, sema." Hapo utaulizwa kuhusu fimbo, na wapo wanaojibu kwamba kidogo tu hakuna ubaya. Jibu hilo lifute kichwani. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inataka nidhamu shuleni itolewe kwa namna inayomtendea mtoto kiutu. Na hata pasingekuwa na sheria, mtoto wa miaka mitatu aliyepigwa anajifunza kumwogopa mwalimu, basi.

"Mzazi anadai mtoto wake wa miaka minne aandike, kwa sababu shule ya jirani wanaandika." Hili ni swali kubwa Lubumbashi, na nataka ulijibu kwa utulivu, bila kumdharau mzazi. Ana hofu ya haki: analipa, na daftari ndilo anachoweza kukiona. Eleza kwamba kuandika kunaanzia begani na kushuka mpaka vidoleni. Mtoto anakanda udongo, anararua karatasi vipande vipande, anatunga shanga kubwa, anafunga na kufungua vifuniko, anachora mistari mirefu kwenye mchanga, kisha kwenye ubao, kisha kwenye karatasi kubwa. Herufi zinakuja kwenye mkono ulio tayari. Halafu toa suluhisho kwa mzazi: kila Ijumaa unamtumia kazi moja ya mtoto, na sentensi moja nyuma yake inayosema kazi hiyo inatayarisha nini. Promota akisikia hivyo, anaona mzazi aliyebaki.

"Mtu usiyemjua anakuja kumchukua mtoto, anasema ni mjomba wake." Hapa hakuna kusitasita: mtoto hatoki. Unamkaribisha mgeni kwa heshima, unampa kiti, unaangalia orodha ya walioruhusiwa, unampigia mzazi kwa namba iliyoandikwa shuleni; ile anayokupa mgeni huitumii. Mzazi asipopatikana, unamwita mkuu wa shule na mnangoja. Hata kama mtoto anamkimbilia akifurahi. Hata kama mgeni amekasirika.

"Mtoto ana homa." Unampumzisha mahali pa baridi, unampunguzia nguo nzito, unampa maji, unaandika saa, unaita mzazi. Dawa hutoi bila ruhusa ya mzazi. Ukiongeza kwamba katika eneo letu la malaria homa ya mtoto haingojewi mpaka kesho, umejibu kama mtu wa hapa. Swali jirani ni la punje iliyoingia puani: huingizi kidole wala kijiti. Unamtuliza, unaziba tundu la pili kwa upole na kumwambia apulize kwa pua, na isipotoka anakwenda kituo cha afya.

"Kwa nini unataka kufundisha watoto wadogo?" Wanauliza hili mwanzoni, na ni rahisi kulijibu kwa maneno matupu. Chagua mtoto mmoja uliyemwona akibadilika, useme alikuwaje, ulifanya nini, akawaje. Sentensi tano zinatosha. Jina lake usilitaje. Hilo nalo linaonyesha unajua kutunza siri za familia.

Jiandae pia kwa swali la mtoto mwenye ulemavu, au asiyesema. Usijifanye daktari. Sema utamwangalia, utaandika unachokiona kwa wiki kadhaa, utazungumza na mzazi faraghani, na wakati huo mtoto atashiriki kila kitu kwa njia anayoiweza.

Kuhusu lugha

Usaili wenyewe mara nyingi utaanza kwa Kifaransa, na katikati mtu ataingiza Kiswahili ili kusikia wewe ni nani hasa. Jizoeze kujibu maswali ya hapo juu kwa lugha zote mbili, kwa sauti, usiishie kuyapitia kichwani.

Watakuuliza utafundisha kwa lugha gani. Shule nyingi za hapa zinajisifu kwa Kifaransa, lakini mtoto anatoka nyumbani na Kiswahili cha Lubumbashi, wengine na Kiluba, Kibemba au Tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inakiweka Kifaransa kama lugha ya kufundishia, na palepale inazipa nafasi lugha za taifa na za mazingira. Mimi ningejibu hivi: kumtuliza, kumwonya juu ya hatari na kumsikiliza, ni kwa lugha anayoielewa, Kifaransa kinaingia kwa nyimbo, kwa salamu, kwa majina ya vitu anavyovishika, na kwa sentensi zilezile kila siku kwa wakati uleule. Na sichanganyi lugha mbili ndani ya sentensi moja ninapofundisha. Uwe na wimbo mmoja unaoujua kwa lugha zote mbili, na ukiombwa uimbe palepale.

Siku yenyewe

Usaili wa mwezi wa nane unaangukia kiangazi chetu chenye vumbi, kwa hiyo beba kitambaa cha kufutia viatu ukishuka kwenye teksi-basi. Vaa nguo safi unayoweza kukaa nayo chini na kuinuka bila shida. Kucha fupi, bila hereni ndefu ambazo mtoto anaweza kuzivuta. Simu ijazwe usiku, umeme usije ukakuponza asubuhi, kisha izimwe kabla hujaingia.

Msalimu mlinzi getini na mama anayefagia. Wakuu wa shule wengi huwauliza baadaye. Ukiingia ofisini, "Jambo yenu," kwa wote, ukianza na aliye mkubwa kwa umri, na ungoje uonyeshwe kiti. Anayekuhoji mwite Mama Mkuu, Baba Mkuu, au Sista, kulingana na alivyo. Swali usilolielewa, omba lirudiwe. Usilolijua, sema kwamba hulijui na ungemuuliza nani.

Maswali yako wewe

Ukifika mwisho utaambiwa, "Una swali?" Usiseme hapana. Anza na ya watoto: darasa lina wangapi, kuna msaidizi, watoto wanalala mchana, maji yakikatika mnafanyaje. La mwisho hilo si dogo katika jimbo linalopata kipindupindu.

Kisha ya kazi, kwa sauti ileile, bila kuomba msamaha. Katika shule binafsi uliza mshahara ni kwa faranga au kwa dola, na kama ni faranga, kwa kiwango gani cha kubadilishia. Uliza kama unalipwa mwezi wa saba na wa nane, na kinachotokea wazazi wakichelewa minervali, kwa sababu hapo ndipo walimu wengi huumia. Uliza kuhusu CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Muda wa majaribio uandikwe kwenye mkataba: Sheria ya kazi ya mwaka 2002 hairuhusu uzidi miezi sita kwa mfanyakazi mwenye taaluma, na majaribio bado ni kazi ya kulipwa. Ukiombwa "uanze kwanza, mkataba utakuja," jibu kwa heshima kwamba utafurahi kuanza siku ileile mkataba utakaposainiwa. Katika shule ya serikali au ya madhehebu, uliza wazi kama nafasi ina matrikili (namba ya mwalimu anayelipwa na serikali) au kama ni nafasi mpya isiyolipwa bado. Wako walimu waliofundisha miaka mingi wakingoja jina lao lionekane kwenye orodha za SECOPE ya zamani, leo DINACOPE, ofisi ya serikali inayoandaa malipo ya walimu. Ni haki yako kujua kabla hujakubali, na mkuu wa shule mwaminifu hataudhika.

Baada ya usaili

Kesho yake tuma ujumbe mfupi wa shukrani, kisha ngoja tarehe waliyokupa kabla ya kupiga simu. Wasipokuchukua, omba kuambiwa ni nini kilichopungua kwenye somo lako. Wengi watakueleza, na mara nyingine nafasi nyingine inafunguka mwezi wa kumi, mwalimu fulani akiwa ameondoka.

Wakikuchukua, omba kufika siku mbili tatu kabla ya kufungua. Panga darasa mwenyewe, shusha picha zifike machoni pa watoto, kagua misumari na nyaya. Chukua orodha ya darasa, ujifunze majina yote kwa moyo, pamoja na lile ambalo mtoto anaitwa nyumbani, na kando ya kila jina andika namba ya simu ya mzazi, namba ya mtu wa pili, na ni nani ameruhusiwa kumchukua mchana.